Data akusanye yeye, wachambue wengine: kisa cha mwanafunzi wa utafiti wa uzee Tabora

Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sosholojia, binti wa kijiji kimoja wilayani Sikonge, aliandika barua akiomba kujitoa katika mradi wa kuwaandaa vijana kuwa watafiti wa uzee. Barua ilikuja wakati ambao hakuna aliyeitarajia. Kazi ya vijijini ilikuwa imekwisha salama, dodoso zimejaa, wafadhili wameridhika, na yeye ndiye aliyekuwa akisifiwa kuliko wenzake wote. Baadhi ya wenzangu waliisoma wakasema ni mambo ya ujana, atatulia. Mimi niliyekuwa msimamizi wake chuoni niliona barua ile imeuchambua mradi wenyewe vizuri kuliko ripoti zetu, na ndiyo sababu naandika kisa hiki, kwa ruhusa yake. Nitamwita Mjukuu, kwa kuwa ndivyo wazee walivyomwita. Mambo machache yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha.

Hoja yangu naitaja mapema. Vijana wanaotoka mahali pasipotoa watafiti huchukuliwa katika utafiti wa uzee kwa sababu ya ulimi wao na miguu yao. Wanajua njia ya kufika kwa mzee na wanajua namna ya kuzungumza naye. Siku data zinapofungwa, kazi yao huhesabiwa imekwisha, na ndipo hapo hasa mafunzo yalipotakiwa kuanza. Kuuliza maswali ni sehemu ndogo ya utafiti. Mtu huwa mtafiti anapokaa na majibu, akayatilia shaka, akagundua kilichokosewa, akasimama mbele ya watu kukitetea alichokiona.

Mpango ulitoka wapi

Wazo la kuwatafuta wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka makundi yasiyowakilishwa na kuwaingiza katika utafiti wa uzee limekomaa zaidi Marekani. Taasisi yao ya Taifa ya Uzee, NIA, ilianzishwa mwaka 1974, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Robert Butler, daktari wa magonjwa ya akili ambaye tangu 1969 alikuwa akizungumzia ubaguzi dhidi ya wazee kama ubaguzi kamili, sawa na ule wa rangi au jinsia. Mwaka 1997 NIA ilianza kugharamia vituo maalumu vya utafiti wa uzee katika jamii za wachache, na baadaye ikaja ruzuku iliyowalenga wanafunzi wa shahada ya kwanza moja kwa moja: Wamarekani weusi, Walatino, wenyeji wa asili, wenye ulemavu, na waliokulia katika umaskini. Mantiki yake ilikuwa wazi. Wazee wa jamii hizo wanaongezeka, magonjwa yao hayachunguzwi vya kutosha, na wengi hawawaamini watafiti. Huwezi kuwalaumu. Utafiti wa Tuskegee, ambapo wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili wachunguzwe tu, uliendelea kuanzia 1932 hadi 1972. Jamii iliyopitia hayo inahitaji kumwona mtoto wake upande wa pili wa meza.

Mwaka 2025 taasisi za afya za Marekani zilisitisha ruzuku nyingi zilizolenga kuongeza uwakilishi wa makundi hayo. Hilo limewaumiza vijana wengi kule, na sisi huku linatukumbusha kwamba mpango unaotegemea mfuko mmoja unaweza kukatika katikati ya muhula.

Tabora hatuna mgawanyiko wa rangi wa aina ile, lakini tuna wetu. Mtoto wa mkulima wa tumbaku aliyesoma shule ya kata, ambaye nyumbani kwao panaongewa Kinyamwezi tangu alfajiri hadi usiku, humkuti katika timu za watafiti wakubwa. Ukimkuta ni karani wa kukusanya takwimu. Na uzee wenyewe ni somo linalopitwa haraka. Katika shahada nyingi za sayansi ya jamii, wazee ni mada ya wiki moja, baada ya watoto, vijana na wanawake. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003, na sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi nchini. Mkoa wa Tabora peke yake ulikuwa na watu zaidi ya milioni 3.3 katika sensa ya 2022. Wazee wapo. Wanaowachunguza ndio hawapo, na wakija wanatoka mbali.

Mama yake Mjukuu aliposikia binti yake anachukua mafunzo haya alimwuliza, "Unasomea wazee? Wazee si tunao hapa nyumbani?" Swali la haki kabisa. Baba aliuliza kama kinalipa.

Alichokileta yeye

Kazi ya fildi ilifanyika vijiji vya Uyui. Mradi ulipima kumbukumbu, nguvu ya mkono, mwendo, macho, na matatizo ambayo watu hawayasemi hadharani, mojawapo kushindwa kuzuia mkojo. Afisa utafiti wa mradi, mwanamume wa makamo, mpole na mwenye uzoefu, alianza na mzee mmoja chini ya mwembe. Alipofika kwenye mkojo, mzee alimjibu, "Mimi mzima, mwanangu," akageuza mazungumzo kuwa ya mvua.

Siku chache baadaye ratiba ya kuhakiki majibu ikampeleka Mjukuu kwa mzee yuleyule. Alipiga magoti.

"Mwangaluka, babu. Shikamoo."

"Marahaba, mke wangu. Leo umekuja kunipikia?"

"Nimekuja kukukagua kwanza kama unastahili kupikiwa."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Walitaniana hivyo kwa muda, kisha maswali yakaendelea katikati ya utani, na swali la mkojo lilipofika mzee hakulikwepa. Alisema usiku anaamka, kabla hajafika mlangoni mambo yameshaharibika. "Bibi yako nilimwambia nimemwaga chai."

Mtu asiyetoka huku anaweza kuona hapo bahati, au haiba ya msichana. Kwa Wanyamwezi, na kwa Watanzania wengi, babu na mjukuu wana ruhusa ya maneno ambayo baba na mtoto hawana. Afisa wa miaka arobaini na kitu ni mtoto wa mzee yule kwa rika, na mtoto hamwulizi baba yake habari za kujikojolea, wala baba hawezi kujidhalilisha mbele ya mtoto. Binti wa miaka ishirini na moja ni mjukuu, ni "mke", ni mtani. Umri mdogo, ambao katika utafiti wa kawaida huhesabiwa kuwa upungufu wa uzoefu, hapa ulikuwa kifaa cha kazi ambacho hakuna warsha ingempatia yule afisa. Sasa fikiria maana yake kwa data. Ukilinganisha majibu ya afisa na ya Mjukuu, unaweza kudhani tatizo linatofautiana kutoka kijiji hadi kijiji, kumbe kilichotofautiana ni nani aliuliza.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Utaratibu wa mradi ulitaka mwenyekiti wa kitongoji awaite wazee ofisini, waandikwe majina, na wale wenye matatizo ya macho wawekwe katika orodha yao wapelekwe kupimwa. Karatasini ulionekana utaratibu mzuri, wa kuokoa muda. Mjukuu aliukataa katika kikao cha maandalizi, mbele ya watu waliomzidi vyeo vyote. Alisema hatabeba orodha ya bibi wenye macho mekundu.

Waliotoka mbali hawakumwelewa mara moja. Katika mikoa ya kanda hii, Shinyanga, Mwanza, Tabora na mingineyo, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu ndiyo yaliyofanywa ushahidi dhidi yao. Macho hayo yametokana na miaka hamsini ya moshi wa kuni jikoni, na wakati mwingine na ugonjwa unaotibika. Watu wa ustawi wa jamii wanalijua hili, wazee wanalijua zaidi. Bibi akisikia anaitwa ofisini kwa sababu ya macho yake, na jina lake linaandikwa na wageni wenye gari, hatafikiria dawa ya macho. Na hata akija, majirani wataiona orodha. Utafiti unaondoka, yeye anabaki.

Kikao kilibadili utaratibu. Wazee wote wakatembelewa nyumbani, kila mmoja akapimwa macho kama sehemu ya vipimo vingine, na rufaa ya hospitali ikatolewa mkononi mwa mhusika mwenyewe. Kamati ya maadili ilikuwa imeshapitisha mpango wa awali. Kibali kilikuwepo, muhuri ulikuwepo. Hatari iliyokuwa ndani yake ikaonwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyewahi kumsikia bibi yake akiogopa kutoka nje.

Kulikuwa pia na kipimo cha kumbukumbu. Vipimo vingi vya zamani vya ubongo vinamtaka mtu aandike sentensi au atoe saba kutoka mia, tena na tena, mambo yanayompima mzee kama alisoma shule. Ndiyo maana watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kifupi kinachoitwa IDEA, kilichochapishwa mwaka 2014, kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee anakumbuka orodha ya maneno kumi, anataja wanyama wengi kadiri awezavyo, anamtaja kiongozi wa kijiji, anaeleza daraja ni nini, na anapanga njiti nne za kiberiti kwa kufuata umbo alilooneshwa. Ni kipimo kizuri, na ninajivunia kwamba kilizaliwa kwetu.

Bibi mmoja mwenye mtoto wa jicho pande zote mbili alipewa njiti zile. Alizipapasa kwenye mapaja, moja baada ya nyingine, akauliza, "Nikokee moto?" Kisha akajaribu kuzipanga kwa vidole, akashindwa. Kishikwambi kilikuwa na nafasi mbili tu: amefanya sawasawa, hajafanya. Mjukuu alibonyeza "hajafanya", kama alivyofundishwa, kisha akafungua daftari lake akaandika kwamba bibi huyu hakuliona umbo. Alikuwa akiandika hivyo kila siku: nani hakusikia vizuri, nani alijibiwa na mkwewe, nani alitaja umri kwanza halafu akaubadilisha alipoambiwa kuhusu matibabu. Daftari lenye jalada la bluu, la kurasa mia mbili, aina inayouzwa kila duka la vifaa vya shule pale sokoni. Hakuna aliyemwagiza kuliandika.

Vishikwambi viliporudishwa

Siku ya kufunga fildi vishikwambi vilikusanywa, vikahesabiwa, vikasainiwa. Neno la siri la kuingilia mfumo likafungwa. Posho ikakoma mwisho wa mwezi uleule. Kilichofuata kilifanyika katika ofisi za taasisi iliyokuwa na fedha, mbali na Tabora: kusafisha data, kuchambua, kuandika. Wanafunzi walialikwa warsha moja, wakapewa fulana, wakaombwa kusimulia "uzoefu wa vijijini" kabla ya chai. Baada ya chai kilikuwa kikao cha matokeo, na wao hawakuwamo kwenye ratiba hiyo.

Mjukuu alikaa nyuma ya ukumbi, kwa kuwa basi lake lilikuwa la jioni. Aliona jedwali la umri wa wazee likioneshwa ukutani. Akanyoosha mkono, akasema wale waliowekwa kwenye sabini wengi hawakuwa na sabini. Alijibiwa kwa upole kwamba makosa ya namna hiyo hujisawazisha sampuli ikiwa kubwa, kisha wakaendelea.

Barua ya kujitoa aliiandika wiki ile. Haikuwa na matusi wala malalamiko ya posho. Alisema kwa kifupi kwamba alidhani anafundishwa utafiti, akakuta amefundishwa kutumwa, na kwamba kama ni kutumwa, kuna mawakala wa fedha kwa simu mjini wanaolipa kila mwezi.

Hapa lazima niseme wazi kuhusu fedha, maana wasimamizi wengi hulikwepa hili. Mwanafunzi wa mkopo anaishi kwa bumu, yaani fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo wake, na bumu likichelewa anaishi kwa mihogo na kwa wenzake. Akirudi nyumbani anahesabiwa kama mtu aliyeshapata. Kaka anataka mtaji, mdogo anataka sare. Mradi unaompa posho miezi ya fildi tu unamwambia kwa vitendo kwamba sehemu ya utafiti yenye thamani ni ile ya kutembea juani. Uchambuzi unakuwa kazi ya kujitolea, na kujitolea ni anasa ya mwenye kwao.

Lakini fedha peke yake haielezi. Wenzake wawili waliotoka familia zenye uwezo nao waliachwa nje ya uchambuzi, na hawakuandika barua. Walikuwa na kaka au mjomba chuo kikuu, walijua kwamba mambo huwa hivyo na kwamba mlango hufunguliwa baadaye kwa kufahamiana. Mjukuu hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo. Aliusoma ukimya kama jibu. Huo ndio ugumu halisi wa kuwa wa kwanza katika ukoo wenu kufika chuoni: hakuna wa kukutafsiria tabia za taasisi, kwa hiyo unaziamini kama zilivyo.

Umri wa wazee

Tulimwomba asubiri. Mazungumzo na taasisi yalikuwa marefu na sitayasimulia yote. Mwishowe walikubali kutoa faili la data lisilo na majina, litumike kwa utafiti wake wa mwaka wa tatu, kwa masharti ya maandishi. Mwenzangu wa takwimu alijitolea jioni moja kila wiki. Programu ya takwimu iitwayo R haina gharama, na kompyuta mpakato ya zamani ya idara iliweza kuibeba, mradi isifunguliwe kitu kingine chochote pamoja nayo. Posho ndogo tuliipata katika fungu la kuchapisha vipeperushi. Vipeperushi havikuchapishwa, na sioni kama kuna aliyevikosa.

Swali alilochagua ni lile alilonyamazishwa nalo: wazee wetu wana umri gani?

Mtu anayefanya demografia anajua kwamba pale ambapo vyeti vya kuzaliwa ni vichache, umri hurundikana kwenye namba zinazoishia sifuri na tano. Kuna kipimo cha Whipple kinachohesabu mrundikano huo kwa watu wa miaka 23 hadi 62: kikisoma 100 hakuna mrundikano, kikisoma 500 kila mtu ametaja umri unaoishia sifuri au tano. Wazee wetu wengi wamevuka 62, hivyo alichukua wazo lake akalipeleka mbele. Alihesabu tarakimu ya mwisho ya kila umri. Kama watu wanajua umri wao, sifuri na tano kwa pamoja zingebeba karibu moja ya tano ya wazee. Zilibeba zaidi ya hapo kwa wingi. Sitini ilisimama peke yake kama mnazi uwanjani. Sabini na themanini zilifuata.

Sitini ina sababu yake. Huo ndio umri wa kuitwa mzee kisera, na mzee asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bila malipo. Mtu wa hamsini na sita anayeumwa mgongo ana kila sababu ya kuwa na sitini mbele ya mgeni mwenye kishikwambi. Daftari la bluu lilikuwa na visa vya namna hiyo, vimeandikwa siku ileile vilipotokea.

Sabini na themanini zilitaka maelezo mengine, na hapo Mjukuu alifanya kazi ninayoiona bora kuliko tasnifu nyingi za uzamili nilizosoma. Alirudi kwa baadhi ya wazee na kalenda ya matukio aliyoitengeneza mwenyewe kwa ajili ya Unyamwezi. Kalenda za namna hii hutumika katika sensa, lakini za kitaifa humpa mzee wa kijijini matukio ambayo hakuyaona. Yake ilianza na yale yaliyopita mlangoni kwao. Wanaume waliporudi kutoka Burma baada ya vita vya pili, ulikuwa umezaliwa? Mkutano wa TANU wa kura tatu hapa Tabora, Januari 1958, ulikuwa unachunga au umeshaoa? Utemi ulipofutwa mwaka 1963, ulikuwa na mtoto wa ngapi? Operesheni Vijiji ilipowahamisha miaka ya sabini, nani alibeba nani mgongoni? Vita vya Kagera vya 1978, mwanao wa kwanza alikuwa anaweza kwenda?

Kina mama walikumbuka kwa uzazi, wanaume kwa ng'ombe na kwa safari. Bibi aliyeandikwa sabini alikuta kwamba alivunja ungo mwaka ambao watemi waliondolewa, kwa hiyo wakati wa dodoso alikuwa na miaka sabini na tatu au nne. Babu aliyeandikwa themanini hakuwa amezaliwa askari waliporudi kutoka Burma. Makosa yalikwenda pande zote mbili, ila hayakujisawazisha kama alivyoambiwa warshani. Wanaume walijiongeza zaidi kuliko wanawake, na waliokuwa maskini zaidi waliisogelea sitini kutoka chini.

Kwa nini hili lina uzito? Kwa sababu karibu kila kitu katika utafiti wa uzee hupimwa dhidi ya umri. Utafiti wa Hai ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi walikuwa na ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, na hatari yake hupanda kwa kasi kadiri miaka inavyosonga. Kundi lako la "sabini na zaidi" likijaa watu wa sitini na tatu, ugonjwa utaonekana mdogo kuliko ulivyo, na mkoa utaambiwa hauna tatizo. Daktari wa Kitete, hospitali ya mkoa wetu, hataletewa dawa kwa tatizo ambalo jedwali linasema halipo.

Taasisi ilipoona uchambuzi ule, ilirekebisha sura ya umri katika ripoti yake. Jina la Mjukuu liliwekwa katika shukrani. Tuliandika kuomba liwekwe miongoni mwa waandishi, kwa kuwa wazo, kalenda na hesabu vilikuwa vyake. Lilikubaliwa katika makala ya pili.

Swali la tumbaku

Kuna ukurasa mmoja wa daftari ambao haukuingia popote, na kwangu ndio wenye mbegu kubwa zaidi. Dodoso liliuliza, "Je, unavuta au uliwahi kuvuta sigara?" Wanawake wengi wakajibu hapana, wakahesabiwa kuwa watu wasioguswa na tumbaku. Mjukuu, ambaye amekulia kwenye tumbaku, aliandika: "Bibi huyu amelala banini misimu thelathini."

Bani ndipo tumbaku inapokaushwa kwa moto wa kuni, na moto huo haulali. Mtu anaamka usiku kuchochea, anavuta moshi, asubuhi anachambua majani kwa madaraja ndani ya vumbi, kisha anafunga marobota kupeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Majani mabichi nayo yana nikotini inayopenya kwenye ngozi, hasa yakiwa na umande; mchumaji hupata kizunguzungu na kutapika, watu wa Sikonge na Urambo wanaijua hali hiyo tangu utotoni. Kifua cha bibi aliyefanya hivyo miaka thelathini kina historia ambayo neno "sigara" haliifikii. Swali hili lisingetoka Dar es Salaam wala London. Mtu ambaye hajawahi kulala banini hajui kwamba linaulizika.

Tumelipeleka kwenye awamu inayofuata. Limekubaliwa kama vipengele vitano vya dodoso: miaka ya kukausha, aina ya bani, nani alichochea usiku, kuchuma kukiwa na umande, na kikohozi cha asubuhi. Mjukuu ndiye aliyeviandika, kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi, na safari hii mkataba wake unataja uchambuzi kwa jina.

Alihitimu. Alifanya kazi kwa mkataba wa mwaka mmoja kama msaidizi wa utafiti, akimfundisha mwanafunzi mwingine wa Kaliua namna ya kuandika daftari sambamba na kishikwambi. Nyumbani bado wanauliza kama kinalipa, na mara nyingine kinalipa.

Kwa kundi lililofuata tulidai mambo matatu kwa maandishi kabla ya mwanafunzi yeyote kupanda gari kwenda kijijini: posho isambazwe hadi miezi ya uchambuzi, kila mwanafunzi awe na haki ya faili lisilo na majina kwa swali lake mwenyewe, na pawepo nafasi moja ya uzamili yenye ada na chakula kwa atakayeonesha uwezo. La kwanza na la pili yamesainiwa. La tatu halijapata fedha. Mjukuu ameshapata nafasi ya kusoma uzamili wa demografia, na chuo kinataka uthibitisho wa ada kabla ya Oktoba.